Shanga zinazopasukia dukani: jibu kwa msomaji wa Jambiani

Swali, kwa ufupi: msomaji wa Jambiani anatengeneza shanga za kioo nyumbani kwake kwa moto wa gesi. Kioo chake ni chupa za kijani na za kahawia kutoka mahotelini, pamoja na fito za rangi alizoachiwa na mgeni. Ushanga ukimalizika anaufukia pamoja na njiti yake, ile ya chuma inayoshikilia tundu, ndani ya beseni la mchanga, barazani, mpaka upoe. Baadhi zinalia "ti!" usiku huohuo. Nyingine zinafika salama dukani Mji Mkongwe, kisha wiki mbili baadaye mwenye duka anapiga simu kusema zimepasuka. Za kijani tupu zinapasuka mara chache. Zenye madoa ya rangi haziponi kabisa. Mwenye duka anasema ni kiyoyozi. Jirani anasema ni unyevu wa bahari. Msomaji anataka kujua nani mkweli, na afanye nini.

Dada yangu, wa alaykumu ssalaam. Jirani na mwenye duka wote wana chembe ya ukweli, ila hakuna aliyelishika shina. Kiyoyozi cha dukani hakipasui ushanga ulio mzima. Ushanga wako ulitoka Jambiani ukiwa tayari na kasoro ndani yake, na dukani ndiko kasoro hiyo ilikomalizikia. Na kwa maelezo yako naona kasoro mbili tofauti. Moja ni ya kupoza, nayo inazigusa shanga zako zote. Ya pili ni ya kuchanganya vioo visivyopatana, nayo ni ya hizo zenye madoa. Ukitibu moja ukaiacha nyingine, utaendelea kupigiwa simu.

Tuanze na kupoza. Kioo hakipitishi joto upesi. Ukiutoa ushanga motoni, ngozi ya nje inaganda wakati moyo bado ni laini, kama kaimati iliyoepuliwa sasa hivi. Baadaye moyo nao unapoa na unataka kusinyaa, lakini ngozi imeshakuwa ngumu na haiwezi kuufuata. Moyo unavuta, ngozi inazuia. Mvutano huo haupotei ushanga unapokuwa baridi. Unabaki humo ndani, umefungwa. Kioo kinastahimili sana kubanwa ila hakistahimili kuvutwa, na sehemu inayovutwa zaidi ni ile iliyochelewa kupoa. Kwenye ushanga ulio bado juu ya njiti, sehemu hiyo ni kandokando ya tundu, kwa sababu chuma kimehifadhi joto pale. Chukua ushanga wako uliopasuka uuelekeze kwenye jua: mara nyingi utaona ufa umeanzia kwenye mdomo wa tundu, ukatambaa kuelekea nje.

Sasa kuhusu jirani yako. Kioo chenye mvutano huwa na mikwaruzo midogo isiyoonekana, khasa tunduni. Mvuke wa maji ulioko hewani unaingia kwenye ncha ya mkwaruzo na kudhoofisha kiungo cha kioo pale panapovutwa, na mkwaruzo unarefuka polepole sana, siku baada ya siku, mpaka unafika urefu ambao kioo hakiwezi tena kujizuia. Hapo ndipo unasikia "ti!". Kwa hiyo unyevu wa visiwani kweli unaharakisha mambo. Lakini unyevu peke yake haufanyi kitu pasipokuwa na mvutano. Unguja Ukuu zimechimbuliwa shanga ndogo za kioo zilizoletwa kutoka upande wa India na Sri Lanka zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Zimekaa ardhini masika kwa masika, na hadi leo ni nzima. Ni ndogo, za milimita chache tu, kwa hiyo moyo na ngozi vilipoa karibu sawasawa. Na waliozitengeneza walizipasha tena moto baada ya kuzikata ili kingo kali ziyeyuke. Hakuna makali, hakuna mvutano wa maana, na maji hayana pa kuanzia.

Mwenye duka naye: ushanga ukitolewa kwenye dirisha lenye jua ukawekwa chini ya kiyoyozi, ngozi inasinyaa kidogo ghafla. Ushanga uliotulizwa vizuri, yaani uliopozwa polepole mpaka mvutano ukaisha, haujali. Ule uliokwishavutwa hadi ukingoni unamalizika. Usigombane naye, basi, lakini usikubali pia kwamba dawa ni yeye kuzima mashine yake.

Dawa ya kupoza ni moja tu, na mchanga si badala yake. Kuna daraja la joto ambapo kioo kimeshakuwa kigumu kiasi cha kutobadilika umbo, lakini bado kina ulegevu wa kutosha kwa mvutano kujiachia wenyewe. Kwa kioo cha chupa daraja hilo ni kama nyuzi 540 za Selsiasi. Ushanga unatakiwa ukae hapo mpaka moyo na ngozi viwe na joto moja, kisha ushuke polepole kupita kwenye nyuzi 500, ambako kioo kinaganda moja kwa moja. Ukishavuka chini ya hapo, hakuna mvutano mpya wa kudumu unaoweza kuingia, ingawa bado unaweza kuupasua kwa kuupoza ghafla.

Ukiwa na tanuri ya umeme yenye kipimajoto, kazi ni rahisi. Iwashe mapema, iwe imeshafika nyuzi 540 kabla hujaanza ushanga wa kwanza. Kila ushanga ukimalizika, subiri wekundu wake ufifie, uingize na njiti yake, funga. Ukishaingiza wa mwisho, acha nusu saa ikiwa shanga ni za sentimita moja. Kisha shusha nyuzi 60 kwa kila saa mpaka 430, zima, na usifungue mpaka asubuhi. Angalizo la unene, kwa sababu hapa ndipo wengi wanateleza: unene ukizidi mara mbili, muda wa kupoza unazidi mara nne. Ushanga wa sentimita mbili wa kuning'iniza kifuani si "ushanga mkubwa kidogo". Upe saa mbili za kutulia na uushushe nyuzi 15 kwa saa. Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango hata kwa dakika moja ili kuchungulia. Tanuri yenye kuta nene inapoa polepole yenyewe, na mara nyingi shanga ndogo zinasalimika bila ya wewe kufanya lolote.

Najua utasema: tanuri ya umeme nitaipata wapi mimi? Basi tuzungumze mkaa. Tafuta chungu kikubwa cha udongo uliochomwa vizuri, chenye mfuniko, na kingine kikubwa zaidi cha kukizunguka. Mkaa unawaka kati ya vyungu viwili. Shanga zinakaa ndani ya kile kidogo, mkaa wenyewe usiziguse. Usijenge kwa jiwe la matumbawe hata kama limejaa nyuma ya nyumba. Wazee walichoma jiwe hilohilo kupata chokaa, na jiwe lenye unyevu likipata moto linaruka vipande.

Kujua joto bila ya kipimajoto kunawezekana, na ni jambo ninalolipenda katika kazi hii. Kitu chochote, kiwe chuma, udongo au kioo, huanza kutoa wekundu unaoonekana gizani kikifika takriban nyuzi 525. Hilo halitegemei ni kitu gani, na liko jirani kabisa na joto tunalolitafuta. Kwa hiyo fanya kazi baada ya maghribi, zima taa, acha macho yazoee giza kwa dakika kadhaa, kisha funua mfuniko kidogo uchungulie. Ukiona weusi mtupu, ongeza mkaa. Ukiona wekundu wa wazi kama wa kaa la seredani, umepita, punguza. Unachotaka ni wekundu ambao huna hakika kama unauona au unajidanganya. Mchana huwezi kuuona, na hilo ndilo linalowafanya wengi wachome shanga zao zikalegea na kuota bapa upande mmoja. Kwa kujihakikishia zaidi, vuta uzi wa kioo kutoka chupa hiyohiyo, wa unene wa njiti ya kibiriti, uulaze ndani juu ya vipande viwili vya kigae kama daraja. Ukianza kulegea katikati, joto limezidi. Ukifika pale panapotakiwa, acha hapo kwa saa moja ukilisha mkaa kidogokidogo, kisha funika vyote kwa jivu na makumbi, ziba kila tundu kwa udongo, ulale. Asubuhi usifungue mpaka chungu cha nje kishikike kwa mkono mtupu.

Mchanga wako wa barazani sasa. Mchanga mweupe wa Jambiani ni matumbawe na makombe yaliyosagika, nao una chumvi na unyevu hata ukionekana mkavu. Chembe zake zinashika kwenye kioo chenye moto, na kila chembe iliyong'ang'ania ni mahali pa ufa kuanzia. Jivu la mkaa lililochekechwa na kupashwa moto ni afadhali. Lakini jivu nalo linazuia kupoa ghafla tu, halitulizi: ushanga mdogo unapoteza joto ndani yake kwa dakika chache, wakati unahitaji saa nyingi. Litumie kama kituo cha njiani mpaka siku ya kuwasha tanuri. Na sogeza meza yako ndani. Kusi inapovuma kuanzia Juni, Jambiani inajaa watu wenye tiara za baharini waliokuja kwa ajili ya upepo huo, lakini ushanga unaopigwa na upepo upande mmoja unapoa upande mmoja.

Naja kwenye madoa. Kila kioo kina kiasi chake cha kutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, na wauzaji wanakiandika kwa namba. Fito nyingi laini za rangi wanazotumia watengenezaji shanga wa Ulaya, zikiwamo za Murano, Italia, ni za namba 104. Kioo cha chupa huwa kati ya 84 na 92 hivi. Bakuli za zamani za kioo cha kuingizwa ovenini ni 33 tu. Namba hizo ni sehemu katika milioni kumi kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukua doa la 104 juu ya chupa ya 88: tofauti ni 16. Ziteremshe pamoja nyuzi 500, na kama zingekuwa na urefu wa mita moja, moja ingetaka kuwa fupi kuliko mwenzake kwa milimita 0.8. Kwenye ushanga wa sentimita moja ni sehemu ndogo tu ya unene wa unywele. Lakini kioo hakinyumbuki. Tofauti hiyo ndogo inatosha kukivunja, na hakuna tanuri duniani itakayoiondoa, kwa sababu kila kikipoa kinarudia palepale. Ndiyo maana nimesema ukitibu kupoza peke yake, za madoa zitaendelea kufa.

Utazitambua kwa ufa wake. Ufa wa kutopatana unafuata mpaka wa rangi, unalizunguka doa kama mwezi mchanga, wakati mwingine doa lote linang'oka na kuacha kishimo. Ufa wa kupozwa vibaya haujali rangi, unakata popote. Kuna na wa tatu: pitisha ukucha juu ya ufa, na ukiona kingo zake ni laini, zimeyeyuka, ujue ulipasuka mapema ungali unaufanyia kazi, kisha moto ukazilainisha kingo. Huo unatokana na kuuacha upoe sana ukipamba upande mmoja, halafu kuurudisha motoni kwa pupa. Uzungushe, na kila baada ya muda mfupi upitishe wote katika moto, na ncha zake mbili pia, hata kama kazi iko katikati.

Kupima kama vioo viwili vinapatana huhitaji maabara. Yeyusha kipande cha kila kimoja, vibandike ubavu kwa ubavu bila ya kuvichanganya, kisha shika pande mbili uvute uzi mwembamba, wa unene wa sindano ya kushonea, urefu wa shubiri. Uache upoe mezani. Ukibaki umenyooka, vinapatana. Ukijikunja kama upinde, havipatani, na kioo kilicho upande wa ndani wa upinde ndicho kinachosinyaa zaidi. Ifanye kazi hii hata kati ya chupa ya kijani na ya kahawia, kwa sababu kila kiwanda kina mchanganyiko wake na chupa ya bia si lazima ipatane na chupa ya soda. Kanuni yangu ni ushanga mmoja, chupa moja. Ukitaka doa, tafuta chupa ya rangi nyingine iliyopita mtihani wa uzi, uziwekee alama zote mbili na uzihifadhi pamoja.

Nani alisema rangi mbili haziwezekani? Karne ya 19 shanga za Venice zilipita kwa wingi katika bandari yetu kwenda bara, na mojawapo iliyopendwa sana ni ile iliyoitwa samesame. Ukiiona kwenye duka la vitu vya kale, chungulia tunduni: ngozi nyekundu, ndani nyeupe. Vioo viwili kabisa, kimoja kimevikwa mwenzake, na zipo hadi leo kwa kuwa vinasinyaa kwa kiasi kinacholingana. Na hizo fito ulizoachiwa na mgeni usizitupe. Tengeneza shanga za fito tupu, bila ya chupa. Hizo zitulize kwenye nyuzi 510 hivi, chini kidogo kuliko za chupa.

Wengi wamekwambia, bila shaka, kwamba njiti ya chuma inabana kioo na kukipasua. Ni kinyume chake. Chuma kinasinyaa zaidi ya kioo, kwa hiyo kikipoa kinajitoa kwenye tundu. Hatari iko wakati kioo kimegusa chuma kitupu na kushikana nacho, hapo chuma kikisinyaa kinavuta kioo pamoja nacho. Paka njiti udongo mweupe mwembamba, ule wa kaolini kama unaopatikana Pugu, karibu na Dar es Salaam, uache ukauke kabisa, kisha uupashe motoni kabla ya kuweka kioo. Udongo mbichi unatoa mvuke unaoacha mapovu tunduni. Usipulize vumbi lake likiwa kavu, si zuri kwa kifua. Ushanga uloweke majini ukiwa baridi kabisa, uzungushe utoke, usiukunje. Midomo ya tundu iwe ya mviringo iliyoingia ndani. Ikiwa imechongoka, isugue kwa jiwe lenye maji. Vipande vya chupa navyo viweke ukingoni mwa seredani vipate joto kabla ya kuviingiza kwenye moto wa gesi, la sivyo vitakurukia usoni. Miwani, tafadhali.

Kabla hujapeleka tena mzigo mjini, unaweza kuuona mvutano kwa macho. Tafuta miwani ya jua ya polaroidi, ile inayokata mng'ao wa bahari. Fungua kompyuta yenye skrini ya kawaida, weka ukurasa mweupe mtupu, shika miwani mbele yake na uizungushe mpaka skrini ionekane nyeusi. Sasa jaza mafuta ya kupikia ndani ya glasi ya kioo, zamisha ushanga humo, na uweke glasi kati ya skrini na miwani. Mafuta yanaondoa mipindo ya mwanga inayoletwa na umbo la mviringo. Angalia glasi yenyewe kwanza ikiwa na mafuta tu, maana baadhi ya glasi zina mvutano wao. Ya plastiki haifai kabisa. Ushanga uliotulia utapotea katika weusi. Wenye mvutano utawaka mwanga mweupe kandokando ya tundu, na ule wa madoa yasiyopatana utaonyesha pete ya mwanga kuzunguka kila doa. Ni kwa kioo kinachopenya mwanga tu. Wa rangi nzito hutaona kitu.

Shanga za chupa tupu ulizonazo ambazo hazijapasuka zinaokolewa. Zitoe kwenye njiti, kwa sababu zikipashwa moto upya chuma kitatanuka kuliko kioo na kuzisukuma kutoka ndani. Zipange tanurini zikiwa baridi, zisigusane, pandisha taratibu, nyuzi 150 kwa saa, hadi 540, kisha fuata utaratibu uleule wa kushusha. Zilizokwisha kuingia ufa, hata mdogo kama unywele, tanuri haizibi. Zirudishe kwenye moto wa gesi uziyeyushe upya, au zivunje uchanganye na mabaki ya chupa ileile. Zile zenye madoa zilizobaki dukani, mwambie mwenye duka azirudishe zote, hata zinazoonekana nzima, kisha umpelekee za kijani tupu zilizotulizwa badala yake.